Ndoa ya Bibi, Pembeni ya Ubatizo

Yaya Feza,

Salamu toka Kindu. Mvua inanipiga tangu asubuhi, Lualaba imekuwa rangi ya chai. Ku parokia, mama sekretere aliniambia: "Kitabu cha ndoa kiliungua mu vita. Lakini mutu akifunga ndoa, tunaandikaka pia pembeni ya jina lake mu kitabu cha ubatizo." Akafungua ubatizo wa bibi yetu. Pale pembeni iko jina la babu, yule askari muzungu wa inchi ya Irlande. Walifunga ndoa mbele ya padri!

Bibi alikuwa anasema kweli kama aliolewa, na sisi tulimucheka mupaka kumuzika na "Mademoiselle", kama mwanamuke asiyeolewa, ku musalaba.

Unitafutie rangi nyeupe ya kupaka musalaba wake, yaya wangu wa roho. Mimi njo nilicheka kupita wote. Mimi njo nitaandika "Madame".

Mudogo wako,
Sifa