Namba ya Austine

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Tangazo limebandikwa langoni mwa soko. Vibanda vipya vya Malaba vitagawiwa kwa mtandao tu. Hakuna barua, hakuna kwenda ofisini. Miaka kumi na mmoja nimeuza dagaa wa omena pale, na sasa nijiandikishe kama mgeni! Mwisho wa kuthibitisha, kwa code inayotumwa kwa simu, ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ukichelewa, kibanda kinapewa mwingine.

Atyang, jirani yangu sokoni, ndiye aliyenivuta hadi kwa Austine wa cyber, duka la kompyuta. Mimi nina kabambe, kasimu ka vitufe kasiko na intaneti, na laini ni ya Uganda — mtandao wa ng'ambo ndio unashika vizuri huku. Fomu ikaikataa, inataka namba ya Kenya. Austine akacheka tu. "Usijali, mama. Naweka namba yangu. Message ikikuja nakuita." Atyang naye akawekewa hiyo hiyo. Tukarudi kwa omena zetu tumetulia.

Jumatano, 10 Septemba

Kimya. Cyber imefungwa! Binti wa duka la pili anasema Austine amefiwa, amevuka mpaka kwenda matanga Tororo, atarudi Jumapili. Jumapili! Nimempigia mara sita — amezima. Nilimwonea huruma, kisha nikamkasirikia, kisha nikaona aibu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeenda Busia mwenyewe. Askari wa ofisi ya masoko akaniambia nipige picha ile alama nyeusi ya miraba kwenye bango, eti inafungua fomu. Nikamwonyesha kabambe yangu. Akacheka, si kwa ubaya. Nilikaa langoni mpaka saa nane, afisa mmoja, Madam Vivianne, alipotoka kwenda kula. Alinisikiliza vizuri, siwezi kudanganya. Lakini eti hana ruhusa ya kuandika jina kwa mkono. "Tafuta tu hiyo simu, mama. Code iko huko."

Nimerudi na hasira. Mtu wa ushuru anaijua meza yangu kila asubuhi bila mtandao wowote!

Ijumaa, 12 Septemba

Austine amepiga! Saa kumi na nusu. Wamemaliza kuzika, amepata chaji, message ipo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Atyang akapiga vigelegele, wateja wakageuka.

Kisha Austine akashusha sauti. Akauliza kama niko peke yangu. Nikasogea nyuma ya magunia. Kumbe aliweka namba yake kwa akina mama tisa. Fomu zote zilipokelewa, lakini kwa kuthibitisha ni namba moja, kibanda kimoja. Ana majina tisa kwa simu, achague moja. "Mama Oundo, wewe ndio umenitafuta sana. Nibonyeze wewe?"

Nimemwambia anipe dakika tano.

Naandika nimekalia gunia. Nakitaka kile kibanda. Nakitaka vibaya! Meza zetu za zamani zinaondolewa; bila hicho nitarudi kuuza chini, kando ya malori, na magoti haya. Lakini Atyang ndiye aliyenishika mkono Jumatatu. Bila yeye ningekuwa bado nasoma tangazo. Sasa hivi anampimia mteja omena, anaimba. Ameniuliza code imesema nini. Nimemwambia mtandao unasumbua. Sijawahi kumdanganya Atyang.

Saa kumi na moja kasorobo. Simu inaita, ni Austine. Atyang ameacha kuimba, anakuja huku akijifuta mikono, anacheka.