Treni Isiyopiga Honi

Tharcisse, simama wima usome! Ukoo wa Ntumba, watu wa reli tangu babu, unatangaza kwa heshima kuu kwamba binti yao Misenga, anayeizunguka Italia na mfuko mgongoni, ameachwa na treni.

Ameachwa akiitazama! Mlango wazi, yeye yuko kwenye benchi anakula mkate!

Alikuwa anangoja honi. Unajua treni yetu ya Kindu: inapiga honi, watu wananunua kwanga, mkate wetu wa muhogo, inapiga tena, wanaagana, ya tatu njo wanapanda. Ile ya Roma ilifunga mlango ikaenda zake. Kimya, Tharcisse. Kimya!

Tikiti yake ya bei ya chini ilikuwa ya treni ile tu. Na masista wa Napoli walimwekea kitanda cha bure, mradi afike kabla ya sala ya jioni.

Sasa analia kwenye simu, nyumba nzima tunasikia. Papa, baba yetu, anafoka: "Mutoto wa reli! Nani alikudanganya kwamba treni ya kule inapiga honi tatu?"

"Mulamba. Alisema walifundishwa hivyo shuleni kwa mapadri."

Mulamba, yaani mimi mtangazaji.

Papa akanipa simu. "Ita masista. Kitanda kikipotea, wewe njo utalala nje."

Aliyepokea ni sista mzaliwa wa Kibombo, kwenye reli yetu ileile.

"Sista, nilimdanganya yaya wangu, dada yangu mkubwa. Nilimwambia angoje honi."

"Honi ngapi?"

"Tatu, Sista."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema yaya aje kwa basi, kitanda kitamngoja.

Papa hajacheka bado.