Mkono Wangu Begani Mwako

Mama Shikuku,

Ni mimi, mke mwenzako. Mzee alituoa wawili, akatuacha wawili, na sasa nimebaki mmoja. Unajua sikwenda shule hata siku moja, kwa hivyo kalamu ameishika Rosa, mke wa Shikuku wako. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Ameitikia, lakini ameketi karibu na mlango, na chai niliyompa inapoa bila kuguswa.

Usishangae. Nitakueleza.

Ulipotutoka, Shikuku alitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza na kwenye bango la langoni. Akapata moja tu katika simu yake, ile ya siku uliyotoka hospitali. Unaikumbuka? Tulisimama kando ya pipa la maji. Miguu yako ilikuwa imeisha nguvu, ukaniambia, "Nishike, wewe mwanamke, usiniache nianguke mbele ya watoto." Nikapitisha mkono mgongoni mwako, nikakamata bega lako la upande wa pili. Shikuku akapiga. Wewe ukanikemea ati ninakufinya.

Sasa, picha ya marehemu haiwekwi na mtu aliye hai ndani yake. Hilo silikatai, mimi pia ningeogopa. Kwa hivyo Shikuku akanitoa. Siku hizi hawakati kwa makasi, Mama Shikuku. Kuna programu ndani ya simu, wanaiita akili bandia. Unamzungushia mtu kidole, unaiambia mtoe, naye anatoka. Halafu pale alipokuwa amesimama, hiyo akili inakisia nyuma yake kulikuwa na nini, inachora. Kwangu ilichora maua mekundu. Maua! Pale kwa pipa? Tangu lini? Na alipoiambia ikung'arishe uso, ikakupa meno ya chini, yale tuliyong'olewa tukiwa wasichana kama ilivyokuwa desturi. Yote, meupe, kama ya mtu anayetangaza dawa ya meno. Nilicheka kwenye matanga yako, Mungu anisamehe. Nilicheka hadi nikalia.

Lakini Shikuku alikuwa analia akifanya hiyo kazi, hakuangalia vizuri. Aliuzungushia mwili wangu, akasahau vidole vilivyokuwa begani mwako. Vikabaki. Vimeshika gauni lako, na nyuma yako hakuna mtu. Maua tu.

Bango likasimamishwa langoni. Watu wakaja kukulilia, wa hapa Shinyalu na wa Kabras, wakaviona. Kwanza walinong'ona. Halafu mmoja akakitambua kidole kilichopinda. Kile panga ilichonikata tukikata miwa Kabras, wewe ukararua kitambaa chako cha kichwa ukanifunga, ukasema, "Wacha kulia, kidole si mume, unavyo vingine." Kidole hicho hicho. Wakasema mkono wa mke mdogo umejitokeza wenyewe kwa picha. Ndio uliomvuta mwenzake kaburini. Tasa yule, ana wivu wa watoto.

Mimi nilikuwa jikoni nikiwapikia wageni wako. Nilipotoka na sufuria, hakuna aliyenyoosha sahani.

Tangu siku hiyo, kanisani benchi nakaa peke yangu. Kisimani wanangoja niondoke. Mungu hakunipa mtoto, wewe ukanipa wako nikawabeba, na ulikuwa unasemanga tumbo ni lako lakini mgongo ni wangu. Na Muhonja, mjukuu wetu, aliyekuwa akilala kwangu kuliko kwao, ameambiwa asile kwangu. Aliyemwambia ni huyu anayeandika. Rosa, usiruke hapo. Andika. Sikuchukii, mwanangu. Una mtoto mmoja tu. Hata mimi ningeogopa.

Jioni bado nasonga unga, obusuma wa watu wawili, kwa mazoea. Nakula wangu. Wa Muhonja naupa kuku.

Juzi Shikuku alikuja na picha ya kuchapwa kwenye kigae cha kaburi lako. Alikuwa ameirudia kazi. Mkono hakuna tena. Bega lako safi, umesimama wima kama askari, na meno yako mapya, katikati ya maua. Akasema, "Mama Mdogo, tukiweka hii, maneno yataisha." Na huenda anasema kweli. Wakizoea kuiona hiyo, watasahau ile nyingine. Muhonja angerudi kwangu.

Niliiangalia sana. Nilimtaka huyo mtoto, Mama Shikuku. Bado namtaka.

Kisha nikamwambia Shikuku anionyeshe ile ya kwanza, nzima, na amwite Rosa aione. Rosa akaangalia. Wewe umeniegemea mzima mzima, mdomo wazi, pengo nje. Mimi nimekunja uso kwa uzito wako. Alijishika mdomo tu. Leo ameniletea kalamu. Mtoto bado hajaniletea.

Nikamwambia Shikuku: hayo meno yatoe, si yake. Maua toa, rudisha pipa. Mkono uache.

Akashtuka. Akasema watanisema hadi kufa. Na waniseme! Siku ile hukuweza kusimama mwenyewe, halafu simu ije iseme uliweza? Nani alikuwa amekushika, maua? Ulipokuwa na uhai sikukuachilia, nikuachilie kwenye kigae? Shikuku alilia kama siku ya kwanza, kisha akasema, "Sawa, Mama." Hakusema Mdogo.

Nimechoka sasa, na Rosa analowesha karatasi. Lala, mwenzangu. Hapo ulipo hakuna wa kukufinya. Magugu ya kaburini kwako nitayang'oa mwenyewe, hata wakinichungulia kupitia ua. Mvua ikimomonyoa udongo nitaurudisha kwa mikono hii, na hicho kidole kibovu kikiwemo.

Na siku yangu ikifika, nimeshamwambia Shikuku anilaze upande ule ule niliosimama pichani. Usiogope kuegemea. Mkono umetangulia tu. Mwili utakuja.

Mwenzako,
mama wa pili wa watoto wako