Usifungue Mpaka Jumapili

Alhamisi, 5 Februari

Kwako mama, binti yangu,

Shikamoo zako siku hizi ni za kutafuta kwa tochi, basi mimi naitikia kabisa: marahaba. Hujambo? Masomo je? Magoti, vifundo, vidole, vyote viko mahali pake? Nauliza kwa sababu mchezo wenu huo wa kurukaruka unanitia wasiwasi. Sisi huku hatujambo. Mama yako kifua kimepoa, sasa anakohoa tu pale anapotaka kunikatiza nikiongea.

Viatu vya nahodha wenu nimevimaliza leo. Soli ya kulia ilikuwa imeachia kuanzia kidoleni mpaka katikati. Nimeikwangua, nimeipaka gundi mara mbili, nimeishona pembeni. Uzi mweupe uliniishia, nikatumia wa buluu. Mwambie asinune, hilo ni pambo.

Sasa nisikilize vizuri. Kila kiatu nimekifunga ukanda wa tyubu ya baiskeli, nimekaza kwelikweli. Gundi hii haitaki haraka. Ukiisumbua mapema inakuangusha. Juu ya tyubu nimeandika kwa chaki siku ya kufungua, kama ninavyowaandikia wateja wote: JUMAPILI. Si Jumamosi jioni, wala sitaki kusikia "baba, nilichungulia tu." Mechi yenu umesema ni Jumatano, kwa hiyo muda upo.

Jirani yangu kinyozi anawatangazia wateja wake kwamba timu ya chuo inakimbia juu ya kazi ya mikono yangu. Nimemwambia aache hizo sifa, ila nilisema polepole asije akanisikia.

Baba yako.


Ijumaa, 13 Februari

Shikamoo baba, mfikishie mama shikamoo yake.

Mimi sijambo. Viatu vilifika salama, asante sana. Mechi tulishinda kwa tofauti ya kikapu kimoja, lakini Nahodha aliumia goti robo ya mwisho. Aliteleza. Sakafu yetu ina vumbi, tumeshalalamika mara nyingi. Tunasubiri majibu ya daktari.

Samahani kwa ufupi, nina mtihani.

Mwanao.


Jumapili, 22 Februari

Mwanangu,

Salamu kwanza, na pole nyingi. Barua yako tumeisoma mara mbili, maana ilikuwa fupi na mama yako hakushiba. Kila siku anamwombea huyo nahodha kama kamzaa yeye. Daktari kasema nini? Anatembea?

Halafu, mama, hukuniambia habari ya soli. Siku hiyo alivaa viatu vile? Ilishika? Siulizi kwa ubaya. Kiatu kikishatoka mkononi mwangu nabaki nacho kichwani, ndivyo nilivyoumbwa. Niandikie hata mstari mmoja tu.

Na wewe ukicheza, futa kwanza hiyo sakafu.

Baba yako.


Jumapili, 15 Machi

Shikamoo baba.

Natumaini nyote hamjambo. Mimi nipo tu. Nisamehe kwa kukawia.

Huku mambo yameharibika. Kano ya goti la Nahodha imekatika, msimu huu ndio basi. Anatembea na magongo, anakuja mazoezini kukaa pembeni na kutupigia kelele. Tukapoteza mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watu wakaanza kutafuta mlango wa kutokea. Ngongoti, yule mrefu wetu, amehamia chuo cha huko mjini kwenu, kasema bila Nahodha hatuendi popote. Wawili wakamfuata. Mwingine kavunjika kidole akidaka mpira mazoezini, na mwingine wazazi wake wamemwambia achague vitabu au kikapu. Tumebaki watano. Benchi anakaa Kocha na chupa za maji. Mmoja wetu akiumwa na tumbo, timu imekwisha.

Nyakati nyingine namwona Nahodha anajaribu kupanda ngazi za bweni, naingia chooni mpaka apite.

Soli iko salama, baba. Usiwaze.

Mwanao.


Alhamisi, 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo. Sisi miili ni mizima.

Wiki iliyopita alikuja msichana mmoja mrefu, ikabidi ainame kuingia kibandani. Mkanda wa begi lake umekatika. Nikampa kigoda, akakaa magoti yakamfika kidevuni. Nikamtania: "Binti, urefu huu Mungu hakukupa wa kufagilia buibui. Unacheza kikapu?" Akacheka, akasema ametoka chuo chenu. Nilifurahi, mwanangu! Nikataka kumwambia pale pale mimi ni baba wa nani. Nikasema ngoja, nishone kwanza, nitamshangaza mwishoni.

Akanisimulia mwenyewe kwa nini alihama. Kwamba mlikuwa na nahodha hodari, akaruka kufunga, alipotua soli ya kulia ikaachama mdomo kama mamba, goti likageukia upande usio wake. Akasema, "Fundi wa vichochoroni tu, baba. Alikibandika kwa mate. Hata uzi mweupe hakuwa nao, alitumia wa buluu."

Sindano ilinisimama mkononi.

Nikamuuliza ni nani alimpelekea fundi huyo kiatu. Akakutaja kwa jina lako la utani. Akasema hata wewe fundi mwenyewe humjui, ulimwokota tu njiani, maana baba yako ana duka kubwa la viatu.

Nikamaliza kushona. Pesa yake sikuipokea. Akanishukuru, akasema mafundi wote wangekuwa kama mimi.

Kwa kunikana sikulaumu. Fundi wa namna hiyo hata mimi ningemkana. Lakini ungeniambia soli imeachia, mama. Nilikuuliza. Nimemlemaza mtoto wa watu, na huku nakaa kwa kinyozi nikijisifu. Naona aibu hata kumpa mtu mkono. Gundi yote nimempelekea fundi wa sokoni. Mimi sasa napiga polishi na kushona mabegi, huko hakuna wa kuvunjika.

Niombee msamaha kwa Nahodha. Kama itakuharibia, usimwambie ni baba yako. Sema tu fundi anaomba radhi.

Baba.


Jumatano, 29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimeianza na kuichana mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kama naandika ya mapenzi. Hii ya leo naipeleka hata ikiwa mbaya.

Gundi yako haikuwa na kosa. Mkono wako hauna kosa. Mimi ndiye.

Ile mechi ya Jumatano iliwahishwa, ikawa Jumamosi. Ijumaa mchana Nahodha akanijia chumbani: "Viatu viko tayari?" Nilikuwa nimevishika, chaki yako inaonekana. Ningesema bado, yamekwisha. Angeazima vya Ngongoti, miguu yao inalingana. Lakini "bado" ingeleta maswali. Kwa nini vimefungwa tyubu? Fundi gani huyu anayempangia mtu siku? Na mwandiko ule, baba, J yako yenye mkia, nilijiona kama umesimama mlangoni na aproni yako ya gundi mbele ya wasichana wote. Niliona aibu. Nikaifuta chaki kwa kiganja, nikafungua tyubu, nikampa. Soli ilikuwa bado inanata kidoleni. Nikamwambia, "Tayari."

Alipoanguka wakasema, "Fundi wako huyo ni muuaji." Nikasema simjui. Wakamcheka uzi wake wa buluu, nami nikacheka. Niliwazidi wote.

Na wewe nikakuandikia sakafu ina vumbi. Ulipouliza soli, nikakujibu iko salama.

Jana nimewaambia. Mazoezini, mbele ya wenzangu wanne na Kocha, na Nahodha na magongo yake. Nikasema fundi ni baba yangu, hana duka, ana kibanda ubavuni mwa kinyozi, aliandika Jumapili nami nikafungua Ijumaa. Nilidhani Nahodha atanirushia gongo. Hata habari ya goti hakuuliza. Aliuliza, "Kwa hiyo siku zote ulikuwa unamcheka baba yako, pamoja na sisi?" Nikasema ndiyo. Akaondoka. Tangu hapo hanisemeshi, na ana haki.

Sikuombi unisamehe haraka. Nakuomba uifuate gundi yako kwa huyo fundi wa sokoni. Viatu vyangu vimeachia soli zote mbili, nimevituma pamoja na barua hii. Ukiona huwezi kuvigusa, virudishe vilivyo, nitaelewa. Mechi ya mwisho ni Jumamosi tarehe 16 Mei, tukishindwa tunashuka daraja. Lakini sikuvitumia kwa ajili ya mechi, baba. Wallahi si kwa ajili ya mechi.

Mwanao, kama bado naitwa hivyo.


Ijumaa, 15 Mei

Baba na mama, shikamooni.

Mimi sijambo. Natumaini kifua cha mama kimetulia, na kinyozi bado ana maneno mengi.

Kila basi likifika nilikuwa nakwenda kuulizia, mpaka wapakuaji wakanipa jina la Mama Mzigo. Leo ndipo mzigo wako umefika. Nimefungua boksi, nikapekua magazeti, nikaingiza mkono ndani ya viatu mpaka kidoleni. Hakuna barua. Nikakaa sakafuni, nikajua jibu langu ndilo hilo, nikalia.

Kisha nikavitazama vizuri. Baba, umevifunga tyubu. Umekaza mpaka vidole vyangu haviingii chini yake. Pembeni umeshona kwa uzi wa buluu. Na juu ya tyubu, kwa chaki, J yenye mkia: JUMAPILI.

Nimekaa nikinusa gundi kama mwehu.

Nahodha alipita, mlango ulikuwa wazi. Akasimama na magongo yake, akasoma ile chaki kwa sauti. Akauliza, "Ndiye kaandika?" Nikamjibu ndiye. Akaniona navitazama, akajua nawaza kesho. Ndipo akaniambia maneno yake ya kwanza tangu siku ile: "Thubutu! Ukivifungua kabla, goti lako nalivunja mimi." Hakucheka, wala hakukaa. Alipofika koridoni akarudi, akauliza kama fundi anapokea kiatu cha mtu aliyemwita muuaji. Nikamwambia anapokea, ila atamwekea siku, na siku yake haibembelezwi. Chake cha kulia nakutumia pamoja na barua hii.

Tarehe ya mechi unaijua, nilikuandikia mwenyewe. Sikuulizi kwa nini umeandika Jumapili. Gundi haikauki kwa sababu ya mechi yangu.

Kesho nitacheza na viatu vya Kocha. Nimevijaza soksi, na bado nikikimbia natangulia mimi, viatu vinakuja nyuma. Huenda tukashindwa. Huenda tukashuka daraja, na watu wote watakuwepo. Vyangu nitaviweka chini ya benchi na tyubu zake, chaki ikitazama nje. Wataniuliza vimefungwa nini na ni nani kaandika vile.

Nitawaambia.

Mwanao,
binti wa fundi viatu.