Njeru na Malengo Yake Manne

Siakago, Jumanne

Eti malengo manne! Njeru amefanya kazi miezi miwili tu kwa Mhindi wa hadwea, duka la misumari na mabati, kule Embu, na tayari amekuwa mwalimu. Leo, hapa kwetu, mbele ya Wanja ninayemtaka mimi, amehesabu kwa vidole: Wahindi wa kale walisema mtu atafute wajibu, mali, raha na uhuru wa roho, kila kimoja kwa kipimo.

Nikamwambia, "Mali ninayo, si unaona muguka wangu shambani, majani ambayo watu hununua kutafuna? Na raha ni mimi mwenyewe."

Wanja akacheka. "Na wajibu je, bwana mkubwa? Mama yako anachota maji peke yake."

Njeru akabeba mitungi ya mama, akashuka mtoni. Wanja akamfuata!

Uhuru wa roho nitautoa wapi, na roho inaniuma hivi?

Mama naye ananiuliza huyo kijana mzuri ataoa lini.