Fundi Hakumgusa Kaka

Shoga, sikiliza yaliyotukuta! Mimi na mama tunaingia gereji, tukamkuta kaka anagombana na fundi mwenzake. Mara kaka akapiga yowe, "Mgongo wangu!" Akaanguka, miguu imekufa ganzi.

Mama akadhani kapigwa. Akaokota spana, akamshindilia yule fundi kichwani. Damu mpaka kwenye viatu vyangu! Fundi analia, "Mama, sijamgusa!" Sijamgusa, sijamgusa. Nani amsikilize?

Mwishowe fundi akazimia, tukawakimbiza wote wawili hospitali. Daktari anasema kweli kaka hakupigwa. Eti mshipa wa damu kwenye uti wa mgongo ulivimba, ukapasuka wenyewe, damu ikaubana uti. Hutokea mara chache mno!

Kaka yuko chumba cha upasuaji. Mama hayupo hapa mlangoni. Amepiga magoti kando ya kitanda cha fundi, na fundi hajafumbua macho.