Mashine Iliyojizima Kila Jumapili

Kwako kaka yangu mkubwa,

Salamu kwanza, maana mzee alitulea tukijua kwamba hata mwenye habari mbaya husalimia. Hujambo huko kwenye mitambo? Kile kidole ulichobanwa na mlango wa karakana kimepona, au bado unakizungushia matambara na kujifanya daktari? Natumaini unakula chakula cha kweli, siyo kunywa chai kavu asubuhi ukajidanganya kuwa umekula. Mimi mwili wangu ni mzima. Habari za mzee nitazifikia. Usiruke mistari ukamtafute. Nisome kwa mpangilio nilioandika, angalau safari hii unisikilize mpaka mwisho.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nimeandika na kufuta mara nne. Karatasi ukishaichafua umeichafua, na nimechoka kujipa nafasi ya kuwa mwoga.

Nianze na ile kompyuta, kwa kuwa ndiyo iliyotufikisha tulipofika. Ilipowasili mwaka jana, baba mdogo aliizunguka mara mbili akasema umetutupia chuma ambacho ofisi yenu ilishakichoka. Mzee alikunja mikono ya shati. Aliishusha ile televisheni iliyokufa kutoka juu ya kabati la sebuleni, akapangusa vumbi kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza iwekwe hapo, kioo katikati na boksi lake upande wa ukutani. Mtu aliyekaa miaka minne bila kulitaja jina lako, siku ile aliniuliza kama ungeweza kuona kwamba shati lake ni la buluu, au rangi hufifia njiani.

Lazima nilitaje lile la mazishi ya mama, ingawa wewe ndiye uliyechomwa nalo zaidi. Mzee aliwaambia watu wote kwamba alikupelekea habari siku ileile mama alipokata roho, na kwamba wewe ulichagua kazi. Wewe ukasema habari ilikufikia mama akiwa kaburini siku ya tatu. Wakakuita mwongo. Na mimi nilikuita mwongo, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, maana mimi ndiye niliyemuuguza na nikaona ninayo haki. Wewe ukawa hurudi, yeye akawa hakuiti. Kwa hiyo mashine ilipokuja, sote tulijua kwamba hizo simu za video za kila Jumapili saa kumi alasiri hazikuwa za kuulizana habari tu. Kulikuwa na neno la kusemwa, na mwenye kulisema alikuwa mzee.

Shida ni kwamba mzee unamjua. Hawezi kukuomba chumvi bila kwanza kuuliza umeamkaje, walioamka nawe wameamkaje, na mvua inasemaje huko. Ilikuwa inamchukua robo saa nzima kumaliza kukusalimia. Halafu anakohoa kusafisha koo, anavuta kiti mbele, ninajua sasa anaingia kwenye jambo lenyewe. Hapo ndipo kioo kinapokuwa cheusi, boksi linatoa mlio mmoja, na mashine inaanza kujiwasha upya, taratibu, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini asiyekumbuka alipolala. Tunakupigia tena, dakika chache, inajizima tena.

Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili mzee alilaumu umeme. Mara ya tano alisema ni wewe, unakata kila anapotaka kumtaja mama. Na wewe, usibishe, ujumbe wako ninao, uliniandikia kwamba mzee ana kitufe cha kukunyamazisha hapo chini ya meza na sasa anakifurahia. Nilikuwa katikati yenu nikibeba maneno huku na huku, wala hakuna aliyeuliza kama mzigo ni mzito.

Tulimwita Waya, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, yule mrefu anayezungumza na mashine kuliko anavyozungumza na mkewe. Alikuja Jumanne. Akabadilisha soketi, akabadilisha waya wa umeme, akasema huenda ni kirusi, akafuta kila kitu akaanza kuipanga upya. Jumapili ikajizima. Akaja tena Alhamisi, akafungua boksi, akachomoa vile vibao vya kumbukumbu, akayasugua yale meno yao ya shaba kwa kifutio cha wanafunzi mpaka yakang'aa, akapuliza vumbi, akavirudishia. Aliiachia filamu ya vita ikacheza saa tatu mfululizo, watu wakapigana wakaisha, mashine haikutetereka. Jumapili ikajizima. Waya aliapa kwamba tunamchezea. Akaomba aje siku ya simu yenyewe aone kwa macho yake, na mzee akakataa katakata, akamwambia kwamba maneno ya mtu na mwanawe hayatazamwi na fundi. Waya akafunga begi lake akasema mashine ni nzima, tuwachunguze wanaoitumia. Alisema kwa hasira tu ya fundi aliyeshindwa, lakini mimi nilitazama chini.

Sasa, kaka, kama umesimama, keti.

Unakikumbuka kile kitambaa cheupe mama alichokifuma kwa ajili ya televisheni, akakishonea na bitana nzito kwa ndani ili vumbi lisipenye? Mzee alikifungia sandukuni tangu alipofiwa. Mashine yako ilipokuja akakitoa. Si kila siku, Jumapili tu. Akishanyoa ndevu na kuvaa, alikikung'uta mlangoni, akalifunika lile boksi kuanzia juu mpaka nyuma, akavuta pindo mpaka pembe zilingane. Alisema mgeni hakaribishwi kwenye nyumba iliyo uchi. Mgeni mwenyewe ulikuwa wewe. Mashine ikijizima mara ya mwisho, alikivua, akakikunja, akakirudisha sandukuni, ndipo akamruhusu mtu mwingine aisogelee. Ndiyo maana Waya hakukiona hata siku moja. Nawe hukukiona, kwa kuwa kamera ilimtazama mzee, haikujitazama yenyewe.

Mimi niliijua siri hiyo Jumapili ya saba. Mzee alikuwa amechoka, akanirushia kitambaa nikikunje. Miaka tisa nipo kwa dobi napiga pasi mashati ya watu. Mkono wangu unaijua nguo iliyotoka juani na nguo iliyotoka kwenye pasi. Kile kitambaa kilikuwa cha moto kama kimetoka kwenye pasi. Nikapeleka vidole nyuma ya boksi, pale feni inapotolea hewa, nikaviondoa upesi. Kumbe tulikuwa tunalinyima pumzi. Likichemka mno linajizima lisiungue, basi, hakuna kirusi wala umeme. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na kwetu kilikuwa nguoni kweli.

Ningeweza kusema palepale. Ilikuwa ni sentensi moja, tena fupi. Sikusema.

Nakueleza sababu, siyo ili unihurumie. Jumapili hiyohiyo, kabla mashine haijajizima, ulimuuliza mzee yuko na nani nyumbani. Nilikuwa nyuma yake, hatua mbili, nimeshika sinia la chai. Akakujibu, "Hakuna mtu, mwanangu. Niko mwenyewe tu." Labda alitaka umwonee huruma. Labda wazee husema hivyo. Lakini kucha za miguu yake nazikata mimi, dawa zake nazipanga mimi, na yule mwenye duka la vitambaa aliyetaka kunioa nilimwambia asubiri mpaka akachoka, kwa sababu ya mzee huyohuyo. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tulivyofundishwa. Kwenye nyumba yetu ni kinyume. Wewe hukuwepo, ukafunikiwa kitambaa cha mama. Mimi nilikuwepo, nikawa hakuna mtu.

Basi nikamwacha aifunike. Jumapili kumi na moja. Nyingine nilimsaidia kunyoosha pembe. Nilimtazama akianza salamu zake, nikatazama saa ya ukutani, nikajua dakika gani utapotea. Nilipata raha, kaka. Sitaandika kwamba sikupata. Raha yenyewe ilikuwa chungu, lakini niliirudia kila wiki.

Ile Jumapili ya mwisho, asubuhi, nilikuwa nalipiga pasi lile shati la buluu. Mzee alikuja akasimama mlangoni, akashika fremu, akaniuliza mzazi anaanzaje kumwambia mwanawe kwamba amemkosea. Nikadhani anasema na mimi. Wallahi nilidhani hivyo. Nilisimamisha pasi, nikageuka kumtazama, na jibu nilikuwa nalo mdomoni: kwamba hana haja ya kusema, mimi nimeshasamehe.

Kumbe alikuwa anakufikiria wewe. Akanieleza yote pale mlangoni. Hakukupelekea habari, kaka. Mama alipofariki, wewe ulikuwa bado kwenye miezi ya majaribio kazini, akaogopa utaiacha kazi ukimbilie nyumbani. Akasema moyoni atakuambia tukishamaliza kuzika. Watu walipouliza mbona mwana wa kwanza haonekani, aliona aibu, ule uongo ukamtoka, na kesho yake ukawa mkubwa kuliko yeye. Miaka minne aliutazama ukikufukuza nyumbani. Hakuwa anatafuta namna ya kukusamehe kila Jumapili. Alikuwa anatafuta pa kuanzia kukuomba wewe umsamehe.

Akamaliza kusema, akasubiri nimpe neno la kuanzia. Mimi ambaye kwa uongo wake nilikutukana mbele ya ukoo mzima, hakuniambia pole. Nikaichukua pasi. Akalitazama shati, akasema kola haijakaa sawa, niirudie.

Niliirudia kola. Saa kumi akaifunika mashine yake. Pembe moja ilikuwa juu, nikaishusha. Unaikumbuka simu ile. Alikusalimia kuliko siku zote, kwa woga, akakuuliza mpaka habari za jirani yako asiyemjua. Kisha akasema, "Mwanangu, kuhusu mama yako," na kioo kikawa cheusi. Alikaa akikitazama kile cheusi, mkono wake ukiwa bado umeinuka.

Jioni uliandika kwamba kama kumtaja mama mbele yako kunamchukiza mzee kiasi hicho, hutapiga tena. Nilimsomea neno kwa neno. Akaomba nimsomee mara ya pili. Jumatano asubuhi nilimkuta ameanguka kati ya kitanda na kabati. Nilikuandikia kwamba ana mafua, nawe ukajibu nimwambie anywe vitu vya moto. Hakuwa na mafua. Ni kiharusi, kaka. Mkono wa kulia umekufa, na ulimi. Leo ni wiki ya tatu anatoa sauti isiyokuwa na neno. Daktari anasema anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, ila ulimi unaweza kurudi na unaweza usirudi, na kwamba tusihesabu siku.

Juzi nilimwambia habari ya kitambaa. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia yote, mpaka lile sinia la chai. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso ukutani. Sijui kama alichoka kulalia ubavu ule au alichoka kunitazama mimi. Sikuwa na wa kumuuliza.

Na wewe sikuombi msamaha leo. Nimeshaona katika nyumba hii jinsi mtu anavyoweza kuyatafuta maneno mpaka mdomo ukafungwa. Nimekosa, nimelisema, limalize utakavyo. Ukitaka kunitukana mbele ya ukoo, zamu yako imefika.

Ila Jumapili piga simu. Saa kumi, kama zamani. Nitamwegemeza kwa mito mbele ya kioo. Boksi litakuwa wazi; nimeliwasha jana tangu asubuhi hadi jioni na halikujizima hata mara moja. Mwambie umejua kwamba hakukupelekea habari. Mwambie umejua na sababu yake, ili ajue kwamba neno lake limefika, hata kama limefika kwa mkono wangu. Kama unaweza kumsamehe, mwambie. Kama huwezi, mwambie hivyohivyo, asibaki anakisia.

Wasalimie wenzako wa karakana na wote wanaonifahamu. Baba mdogo anakusalimu. Bado hajui lolote, nami nitamwambia mwenyewe kwamba mwongo hukuwa wewe. Nikifika mwisho wa karatasi naona nimekuwa na mengi, na lililobaki ni hili tu. Ukimaliza kusema, hutasikia jibu. Usidhani ni mashine tena. Ni baba huyo anakujibu. Kaa naye, usikate.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenipa jina la Pilipili.